Moja kwa Moja Kutoka Studio Mpya

Wasomaji wangu, msije mkadhani kwamba nchi yetu ya Shwari ina matatizo. Haina. Tuliwahi kuwa nayo zamani, lakini yalitangazwa kuwa yamekwisha, na tangu siku ile hakuna mtu aliyeyaona tena kwenye televisheni. Na kwa kuwa televisheni yenyewe ni moja tu, ya umma, nami ni mtumishi wake, nadhani nina haki ya kulisema hilo kifua mbele.

Mimi ni Afisa Makofi. Msicheke, ni kazi ya kudumu, ina hadi kiinua mgongo. Nakaa kwenye chumba kidogo kando ya studio na mtambo wangu wenye vitufe vitatu: makofi ya kawaida, makofi ya heshima, na makofi ya kusimama yenye vigelegele kwa mbali. Kiongozi akimaliza sentensi, nabonyeza. Akikwama katikati ya sentensi nabonyeza pia, ili asionekane amesahau. Nimewapigia makofi mawaziri wengi sana, wengine mpaka wakaamini.

Sasa niwaeleze studio yetu ya zamani, maana siku hizi kuna watu wanaisema vibaya wakati ndiyo iliyowalea. Ilikuwa na kamera moja kubwa tuliyoiita Bibi. Bibi alikuwa amefungwa mpira wa baiskeli kiunoni ili asimwage vitu vya ndani, na kabla ya kila kipindi ilibidi apigwe kofi la upole begani ndipo aone. Nyuma ya msomaji wa habari kulikuwa na dirisha la kuchorwa, na kando ya dirisha saa ya kuchorwa, inayoonyesha saa mbili kamili, kwa sababu habari zetu husomwa saa mbili. Feni ilikuwa inanguruma, kwa hiyo ilizimwa wakati wa kurekodi, na wageni wote wa kipindi cha uchumi walionekana wanatiririka jasho. Wananchi wakadhani ni uchapakazi.

Jambo moja mlielewe vizuri, maana ndilo lililoleta yote haya. Matangazo yetu ya moja kwa moja yalikuwa yanarekodiwa Alhamisi. Hotuba ya Jumapili, moja kwa moja kutoka uwanjani: Alhamisi. Mechi ya timu ya taifa, moja kwa moja, pamoja na mabao yetu: Alhamisi. Hatukumdanganya mtu. Kila mtu katika Shwari alijua kwamba moja kwa moja ni Alhamisi, na watu walipanga harusi zao zisigongane na siku hiyo.

*

Aliyekuwa akisoma habari hizo ni Tausi Mwinjaka. Sauti yake ukiisikia inatangaza kifo chako mwenyewe unaweza kushukuru. Na katika taarifa yake kulikuwa na habari moja isiyobadilika: kwamba wakazi wa Mtaa wa Mchangani wanaendelea kufurahia maji safi ya bomba.

Mtaa wenyewe uko ng'ambo ya barabara, ukitoka tu getini kwetu. Bomba lao lilizinduliwa na Waziri, likakatiwa utepe, likatoa maji wakati wa sherehe, na baada ya hapo likatulia kama nchi yenyewe. Hilo lisingekuwa tatizo la mtu, ila mama yake Tausi, Bi. Nyamizi, anaishi Mchangani, na mlango wake unatazamana na bomba.

Bi. Nyamizi aliigeuzia televisheni yake ukutani. Kisha akaacha kupokea simu za binti yake. Mwisho akamtuma jirani na ujumbe, ambao Tausi alinisimulia kantini, chai ikipoa mbele yake.

"Mama kasema nikilisema tena lile la maji, nisiende hata kwenye mazishi yake."

"Mweleze kwamba wewe unasoma tu," nikamwambia. "Hukuandika wewe."

"Nimemweleza, kaka Kizito. Kaniambia yeye hakuzaa aliyeandika. Kazaa mdomo huu."

Kidole changu kikatafuta kitufe mezani, lakini vitufe vyangu sikuwa navyo pale.

*

Habari ya kuifanya studio iwe ya kisasa ilianza na rangi ya kijani. Waziri wa Habari, Sauti na Picha, Mheshimiwa Dakta Zebedayo Ngalapa, alikwenda nje ya nchi kuhudhuria mkutano, akawasha televisheni hotelini, akajiona. Bibi alikuwa amemfanya wa kijani kuanzia shingoni kwenda juu. Sisi tulishazoea, kwetu kijani ndiyo rangi ya mawaziri, na watoto huwachora hivyo shuleni. Lakini inasemekana mhudumu wa hoteli alimuuliza Mheshimiwa kama anahitaji daktari, naye akajibu kwamba daktari ni yeye mwenyewe.

Aliporudi alikuja kwetu kwa ving'ora. Akamtazama Bibi. Akalisukuma dirisha la kuchorwa kana kwamba anataka hewa. Akaitazama saa ya ukutani, akailinganisha na ya mkononi, akakunja uso. Kisha akatoa kauli ambayo sasa imechongwa kwenye jiwe pale getini.

"Tumechoka na kona kona. Dunia inakwenda mbele. Nataka studio ya kisasa, na nataka iwe moja kwa moja. Mmenisikia? Moja kwa moja."

Nikabonyeza makofi ya kusimama. Mheshimiwa akaingia garini akaondoka.

Katika Shwari mtu hamuulizi waziri alimaanisha nini. Ni kumvunjia heshima, kwa sababu huenda hajui. Badala yake huundwa kamati. Mkurugenzi Mkuu wetu, Bwana Faraji Chokaa, aliunda Kamati ya Tafsiri ya Kauli, akajiteua mwenyekiti, nami nikaitwa kuzipigia makofi hoja zitakazopita.

Mkandarasi ndiye aliyeanza. "Moja kwa moja ni kunyooka," akasema. "Mtu akikuelekeza posta anakwambia nenda moja kwa moja, usikate kona. Na Mheshimiwa mwenyewe kasema amechoka na kona. Kwa hiyo studio inyooke."

Mwanasheria akatikisa kichwa. "Shangazi yangu alipoolewa ng'ambo tuliambiwa ameondoka moja kwa moja, na kweli hatujamtia machoni tena. Moja kwa moja ni daima. Studio hii ikishawashwa, kuizima ni kukaidi amri halali."

Fundi mitambo akanyoosha mkono kwa woga, akasema pengine Mheshimiwa alimaanisha tu tuache ile habari ya Alhamisi. Mtu mmoja akauliza kama hilo si ndilo linaloitwa mubashara, akakumbushwa kwamba neno hilo lilipigwa marufuku tangu Waziri aliyepita alipojaribu kulitamka mbele ya wageni likamshinda.

Bwana Chokaa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Watu hawawi wakurugenzi wakuu bure.

"Tutafanya zote tatu," akasema. "Inyooke, isizimike, na isiwe Alhamisi. Alichomaanisha Mheshimiwa, atakikuta humo humo."

Nikabonyeza makofi ya heshima, hoja ikapita.

*

Mkandarasi alivuta kamba kutoka meza ya habari mpaka barabarani, na kila kilichoguswa na kamba kikabomolewa. Kantini ikaondoka, tukawa tunakunywa chai tumesimama kwenye kifusi. Ofisi ya Malalamiko ikaondoka, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa hapakuwa na pa kulalamikia. Ukuta wa chumba changu ukaondoka wote wa mbele, nikawa nakaa wazi na mtambo wangu kama muuza vocha. Milango ilikatazwa kabisa. Mkandarasi alisema mlango ni kona iliyojificha. Hata mlinzi aliambiwa asisimame katikati ya geti, asije akaharibu mnyooko, na tangu siku hiyo akawa analinda kwa ubavu.

Tukapata ukumbi mmoja mrefu, wazi, kutoka meza ya habari hadi getini, na kutoka getini hadi ng'ambo ya barabara. Kamera mpya ikakazwa kwenye ukuta wa mwisho, ikiitazama meza, na nyuma ya meza ukumbi wote. Jicho lake ni kali. Siku ya majaribio ilituonyesha kifungo cha shati la mkaanga mihogo wa ng'ambo, na kilikuwa kimekatika. Swichi ya kuizimia ilizibwa kwa saruji, mwanasheria akisimamia mwenyewe, na saruji ikiwa mbichi akachora tarehe kwa kijiti. Saa ya kuchorwa tukaitoa, tukaweka inayotembea, na watumishi wengi wakalalamika kwamba inawaharakisha.

Bibi tulimuaga kwa keki. Nilimpiga kofi la mwisho begani, la mkono si la kitufe. Akawaka, akanionyesha nikiwa wa kijani, akazimika. Sikujua kama itaniuma vile.

*

Uzinduzi ulipangwa kufanyika saa nne asubuhi, na Mheshimiwa aliagiza kwamba habari ya kwanza iwe ya bomba la Mchangani, kwa kuwa bomba ni lake na studio ni yake. Tausi alikuja kwenye chumba changu kisicho na ukuta, karatasi mkononi.

"Zamani nilikuwa nasoma Alhamisi, ikifika Jumapili najifungia ndani," akasema. "Leo nikifungua mdomo, imetoka. Nisiposoma, wananifukuza nchi nzima ikitazama. Nikisoma, sina mama."

"Isome haraka haraka," nikamshauri. "Mimi nitakufunika na makofi."

"Makofi yako mama anayajua, kaka Kizito. Anasema yule anayekohoa kwenye makofi ya heshima, kwa kikohozi kile, angeshakufa siku nyingi."

Ni kweli kuna mtu anakohoa. Sikuwahi kujua kwamba huko majumbani wanamsikia.

Saa nne ikafika. Mheshimiwa akaketi kando ya Tausi, kamera ikawashwa, na studio ikawa moja kwa moja kwa maana zake zote. Mheshimiwa akaanza kusema kwamba Shwari sasa imeingia katika zama za uwazi. Akaingia muuza kahawa.

Mimi simlaumu. Njia ilikuwa wazi, imenyooka, ina kivuli. Alidhani inatokea sokoni. Alikuja akigonganisha vikombe mpaka mezani, akammiminia Mheshimiwa, akabaki anamtazama, na Mheshimiwa ikambidi anywe na asifie. Nyuma yake akaja mzee mmoja aliyekuwa anaitafuta Ofisi ya Malalamiko. Nikamwonyesha mahali ilipokuwa, akachuchumaa pale pale akangoja ifunguliwe. Kisha ukaingia msafara wa bibi harusi uliokuwa unakwepa foleni, matarumbeta mbele, ukafika kwenye kamera ukakuta ni ukuta, ukazunguka meza ya habari huku shangazi wa bibi harusi akimtunza Waziri kwa maua, ukatoka ulikotokea. Walinzi wa Waziri walitaka kuziba njia. Bwana Chokaa akawawahi, akawanong'oneza kwamba watakuwa wameikata moja kwa moja ya Mheshimiwa mwenyewe. Walinzi wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kesi ya namna hiyo.

"Naam," akasema Mheshimiwa, akijipangusa maua mabegani. "Sasa tusikilize habari. Ya kwanza ni nzuri sana."

Tausi akaishika karatasi. Na hapo sote tuliokuwa studio tukaona kwenye skrini kilichokuwa kinaonekana nchi nzima. Nyuma ya bega la Mheshimiwa, mbali kule ng'ambo, mlango ulifunguka, akatoka mwanamke mwenye ndoo kichwani. Akalipita bomba bila kulitazama. Akavuka barabara. Akaingia getini, na mlinzi akamwamkia kwa ubavu. Kamera haikuwa na pengine pa kutazama. Wananchi wote wa Shwari walimwona Bi. Nyamizi akiongezeka, kutoka ukubwa wa kidole hadi ukubwa wa mama, huku Mheshimiwa akitabasamu mbele bila habari yoyote.

Akafika mezani, akaitua ndoo mbele ya Waziri. Ililia ule mlio wa ndoo tupu, na vipaza sauti vipya vikaupokea vizuri sana.

"Shikamoo, mama," akasema Tausi. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutetemeka hewani.

"Marahaba. Soma."

Tausi akaitazama karatasi, akamtazama Mheshimiwa, akaitazama ndoo. Mimi kidole kilikuwa juu ya kitufe, tayari kumfunika, maana huyu ni mwenzangu, nimekunywa naye chai miaka yote hiyo, kantini ikiwepo na ilipobomolewa. Akaiweka karatasi chini.

"Habari za saa nne," akasema. "Mtaa wa Mchangani maji hayatoki. Hayajatoka tangu siku bomba lilipokatiwa utepe. Nimekuwa nikiwaambia yanatoka. Yalikuwa hayatoki."

Hapo ndipo kidole kilipoteleza. Nililieleza hilo mbele ya kamati iliyoundwa baadaye na nalirudia hapa: kiliteleza. Makofi ya kusimama yakalia ukumbi mzima pamoja na vigelegele, na yule mzee wa malalamiko akasimama kweli.

"Zima," akanong'ona Mheshimiwa, na mnong'ono nao ukapokelewa vizuri. "Zimeni hiki kitu."

Mwanasheria akapiga magoti penye swichi, akaigusa saruji, akasoma tarehe.

Lakini Mheshimiwa ni mwanasiasa. Alivuta pumzi, akatafuta tabasamu jingine akalipata. "Mama yangu," akasema, "ondoa shaka. Serikali yako ni sikivu. Maji ya Mchangani yatatoka, tena yatatoka moja kwa moja."

Bi. Nyamizi akavuta kiti, akakaa.

"Moja kwa moja ipi, baba?"

Nimeshawaambia kwamba katika Shwari mtu hamuulizi waziri alimaanisha nini. Bwana Chokaa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Fundi mitambo alifumba macho. Mheshimiwa akameza mate, tukayasikia yakishuka.

"Zote," akasema.

"Haya. Basi mie nangoja hapa hapa," akasema Bi. Nyamizi. "Ndoo ninayo."

Mheshimiwa akatoa simu, akawapigia watu wa maji, nchi nzima ikisikiliza upande wake na, kwa ubora wa vile vipaza sauti, upande wa pili pia.

"Fungueni Mchangani," akasema.

"Tufungue koki ipi, Mheshimiwa?"

"Ile ya siku ya utepe."

Hatukujua kama kuna koki ya siku ya utepe. Tukatazama skrini. Kule mwisho wa ukumbi, bomba lilikohoa, likatema kutu, likakohoa tena, mtu angedhani ni yule wa kwenye makofi ya heshima. Kisha maji yakatoka. Yalitoka kwa nguvu, meupe, na watu wa Mchangani wakatoka nayo wakiwa na ndoo, madumu, masufuria, na mmoja na kofia yake. Bi. Nyamizi akainuka, akachukua ndoo yake, akamshika binti yake mkono, wakaondoka wote wawili mbele ya macho yetu, wakipungua, wakipungua, mpaka wakafika bombani. Mheshimiwa akabaki peke yake mezani na kikombe cha kahawa. Nilimbonyezea makofi ya kawaida, kwa ubinadamu tu.

*

Jioni Bwana Chokaa aliona si vizuri nchi ilale ikitazama bomba, akaagiza kamera ifunikwe pazia. Ikafunikwa. Maji yakakata.

Fundi akafunua pazia, yakatoka. Akaifunika kamera tena, yakakata. Alifanya hivyo mpaka Mchangani wakaelewa, na hawakuchukua muda. Wanawake wa mtaa walikuja na mkasi, wakalichukua pazia, na leo ni mbeleko za watoto, nzuri tu, za rangi ya damu ya mzee.

Kwa hiyo sasa Televisheni ya Umma inaonyesha bomba, kutwa kucha. Tumejaribu kuweka vipindi vingine mbele yake, vinapendeza, lakini bomba linaonekana nyuma. Hatujawahi kupata watazamaji wengi kiasi hiki. Mheshimiwa ametangaza kwamba huo ndio uliokuwa mpango wake tangu mwanzo, amehamishiwa Wizara ya Maji, na huko inasemekana kabla ya kusema moja kwa moja hutazama kwanza nyuma yake.

Tausi alifukuzwa na kamati kwa kauli moja, kwa sharti kwamba tangazo lisomwe hewani. Msomaji ni yeye. Alikaa mezani, akaipokea karatasi, akaiweka chini, akasema kilichopo, yaani kwamba yupo. Bi. Nyamizi ameigeuza televisheni yake, inatazama chumba tena, na anaiangalia kila siku ingawa bomba lenyewe liko mbele ya mlango wake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema bomba halimshughulishi, linajulikana. Anamtazama mwanawe.

Juzi wamekuja watu wa Mtaa wa Chemchemi, ulio nyuma ya jengo letu, ambako maji hayajawahi kutoka hata siku ya utepe. Wamekuja kwa adabu, wake kwa waume, kila mmoja na nyundo. Wanauliza ni ukuta gani uliobaki kati yao na kamera. Bwana Chokaa amewaambia itaundwa kamati. Wamesema vizuri, wataingoja, wakatandika mikeka ukumbini, na Bi. Nyamizi amewapikia chai kwa maji ya Mchangani.

Nilimsogelea nikamuuliza kama wageni hawa wana mpango wa kurudi kwao.

"Hao wamekuja moja kwa moja," akaniambia, akinipa kikombe.

Sikumuuliza ipi.